Pikipiki Niliyoikaza kwa Ajili ya Nguruwe

Nguruwe wawili wakubwa wanaenea nyuma ya pikipiki moja kama unajua kuwafunga. Unawalaza kwenye tenga la mbao, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, miguu umeifunga kwa mpira wa tyubu, halafu tenga unalikaza kwenye karia mpaka liwe kitu kimoja na chombo. Kazi hiyo niliifanya kwa miaka mitatu, kutoka vijiji vya juu ya Isansa kwenda Mlowo, na siku nyingine mpaka Tunduma kwenye majiko ya kitimoto. Ninachokikumbuka zaidi ni harufu. Nguruwe akiogopa anajinyea, na kila ukipita shimo, kinachotoka kinaruka kupitia nafasi za mbao na kukulowesha mgongoni. Nilifua mashati mara mbili mbili, na bado kanisani watu waliacha nafasi kidogo kati yao na mimi kwenye benchi. Nilijifanya sioni.

Shida ya mzigo ule ilikuwa shokapu. Pikipiki ilikuja na shokapu mbili za nyuma, laini, za kubebea mtu na mkewe. Ukipakia nguruwe wawili, mkia unashuka mpaka madigadi inasugua tairi, mbele kunanyanyuka, na usukani unakuwa mwepesi kama umeshika kijiti. Nikampelekea fundi mmoja wa njia panda ambaye sisi wabeba mizigo wote tulimsifu. Nakumbuka nilichomwambia, kwa sababu baadaye nilitamani niseme kwamba ile ilikuwa akili yake na si yangu.

"Kaza mpaka isinese kabisa."

"Isinese kabisa?"

"Kabisa."

Alifanya nilichotaka. Alichomelea mabano mapya akafunga shokapu mbili za ziada zilizotoka kwenye guta la mizigo, zikawa nne nyuma. Mbele alifungua vifuniko vya juu vya shokapu, akasukumia ndani vitu ambavyo sikuviangalia, akamimina oili kutoka kwenye dumu la njano, akafunga. Nilipokandamiza kiti kwa mikono yote miwili hakikushuka hata kidogo. Nikafurahi. Nilimwambia ni fundi kweli.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nimepanda jiwe lenye magurudumu. Lakini mimi nilikaa mbele, juu ya sponji niliyoiongeza mwenyewe, na kwenye mawe nilisimama juu ya vikanyagio nikaacha magoti yafanye kazi ya shokapu. Nguruwe hawasimami. Walipiga kelele njia nzima, na mimi niliweka redio ndogo kifuani.

Mwaka wa tatu mama alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Alikuwa na uvimbe ambao aliuficha kwa muda mrefu, akivuna kahawa nao, akipalilia mahindi nao, mpaka dada yangu alipomlazimisha kwenda hospitali Vwawa. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa nilifika asubuhi nimevaa shati safi. Karia nilikuwa nimeisugua kwa sabuni ya unga na majivu, nikatandika blanketi.

Nesi aliyekuwa anaandika karatasi aliangalia kofia ngumu niliyoishika mkononi.

"Mgonjwa anaondoka na nini?"

"Na pikipiki, sista."

"Huyu ana mshono. Apande gari."

"Kwetu gari halifiki," nikasema.

Huo ulikuwa nusu uongo. Gari linafika mpaka kanisani, na kutoka kanisani hadi nyumbani ni mwendo mfupi wa kushuka na kupanda, na katikati kuna korongo lenye mawe ya mviringo. Dada, ambaye alilala pale na mama siku zote zile, alinivuta pembeni.

"Mama apande na mimi gari mpaka kanisani. Kutoka pale tutatembea naye taratibu, tunapumzika."

"Unataka mtu mwenye mshono atembee kwenye korongo?"

"Basi tutafute watu wambebe."

"Wambebe ya nini, na mimi nina chombo?"

Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana. Nilitaka nipite senta na mama nyuma yangu, watu waseme yule kijana kamfuata mama yake mwenyewe. Jambo hilo sikulisema pale, lakini lilikuwepo, na dada alichoka akaniachia. Alichukua mizigo akaenda kutafuta gari.

Kwenye lami hapakuwa na neno. Mama alikaa upande, kitenge amekifunga vizuri, mkono mmoja umeshika mkanda wangu. Aliwasalimia watu waliopita kana kwamba hatoki hospitali. Lami ilipoisha, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa kwanza, nikausikia mkono wake ukikaza.

"Polepole, baba."

"Ndiyo, mama."

Nikapunguza. Wengi wanadhani ukienda polepole chombo kinakuwa laini. Kikiwa kimekazwa vile, mwendo haukusaidii. Kila jiwe unalolikanyaga linapanda moja kwa moja kupitia chuma mpaka kwenye kiti, na ukienda taratibu unayapata yote, moja moja. Kwenye korongo nilishusha mguu nikawa nakokota. Nyuma nikasikia sauti fupi, kama mtu anayetaka kukohoa halafu akaacha. Ikaja tena. Na tena.

"Mama, vipi?"

"Twende tu."

Tulipofika upande wa pili aliomba nisimame. Alishuka mwenyewe, akainama pembeni ya njia, akatapika kidogo, mikono yote miwili imeshika tumbo. Nilisimama nimeshika kofia. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Ni hii harufu," akasema. "Imekuja puani tangu kule mwanzo."

Nilinusa na mimi. Sabuni ilikuwa imeondoka na vumbi, na chini ya blanketi kilichobaki ni nguruwe.

Nyumbani alipojaribu kukaa kitandani, shangazi, aliyekuwa amekuja kutupokea, ndiye aliyeona. Kitenge kilikuwa kimelowa mbele, maji yaliyochanganyika na damu. Dada aliingia dakika chache baadaye na mizigo kichwani. Alifunua, akatazama, akafunika. Mshono ulikuwa umeachia sehemu ya chini. Nikasogea nimsaidie kumlaza.

"Usimguse," dada akaniambia. Hakupandisha sauti.

Majirani walikata miti miwili wakafunga mablanketi, wakambeba mama kama alivyopaswa kubebwa tangu mwanzo, wakashuka naye korongoni na kupanda upande wa pili bila kumtikisa. Wanaume sita, wawili kati yao wazee kuliko yeye. Mimi nilitembea nyuma yao; pikipiki niliiacha uani. Kanisani lile gari lililomleta dada lilikuwa bado linasubiri abiria wa kurudi nao.

Alilazwa tena, safari hii kwa wiki nyingi zaidi, kwa sababu kidonda kiliingia usaha. Nilikwenda kila siku. Kile kidonda kilinuka, na mimi niliyezoea harufu zote za nguruwe nilishindwa kukaa karibu. Nilitoka nje nikasimama karibu na mabomba nikihema, nikijichukia kwa kutoka. Mama hakunilaumu hata mara moja. Heri angenilaumu. Siku moja tu, amelala anaangalia dari, aliniuliza:

"Hao nguruwe, pale kwenye mawe, huwa wanalia?"

"Wanalia, mama."

"Nilikuwa najiuliza."

Akageuka upande akalala. Kesho yake sikwenda kubeba nguruwe, na sikwenda tena.

Kuna fundi mwingine Mlowo. Tulisoma naye shule ya msingi, na kwa kuwa mguu wake mmoja ni mfupi, tulikuwa tunamwigiza anavyotembea, mimi nikiwa wa kwanza. Nilijua kazi yake ni nzuri, na kwa miaka mingi nilipita mlangoni kwake nikaenda kwa yule wa njia panda, kwa sababu sikupenda kumwangalia usoni. Sasa nikaenda. Aliizunguka pikipiki mara moja, akatema mate chini. Ana tabia hiyo ya kutema mate kila wakati, na inakera kuiona.

"Umeipeleka wapi hii?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia habari ya mama, yote, na ya nesi. Alisikiliza huku anafuta spana.

"Umewahi kukaa nyuma ya chombo chako mwenyewe?"

"Nyuma? Hapana."

"Panda."

Akashika usukani yeye. Alinichukua mpaka barabara ya makorongo iliyo nyuma ya mashine za kukoboa kahawa, akaingia kwenye mawe kwa mwendo ule ule wa kukokota niliomweleza. Kishindo cha kwanza kiligonganisha meno yangu. Cha pili kilipanda kwenye uti wa mgongo mpaka kwenye macho. Niliinua matako nikakuta hakuna pa kukanyagia kwa nguvu, kwa sababu vikanyagio vya nyuma viko mbele mno, ukijaribu kusimama unaanguka chali. Hapo nilikuwa mzima, sina mshono wala uvimbe. Matumbo yangu yalitikisika kama kitu kilichoachia ndani ya gunia. Nilipiga bega lake.

"Inatosha."

Hakusimama. Alimaliza mawe yote, akageuza, akayarudia. Niliposhuka nilikwenda nyuma ya ukuta wa mashine nikatapika chai ya asubuhi. Nilitapika mishtuko ile, na kitu kingine ambacho nilikuwa nimekimeza tangu siku ya kitenge kulowa. Niliporudi, yeye alikuwa ameshaanza kufungua nati.

Alifungua shokapu za mbele mbele ya macho yangu, akaniweka nishike beseni. Alipoondoa kifuniko cha kwanza, harufu ilitoka kabla ya oili. Sijui niifananishe na nini. Ilikuwa harufu ya mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa wiki nzima, na ndani yake kitu cha kuoza. Ikafuata oili yenyewe, nyeusi, nzito, imechanganyika na maji na tope, inadondoka kwa mabonge.

"Haya ni mafuta ya kupikia," akasema. "Yameungua. Na oili ya injini iliyokwishatumika."

Halafu akageuza bomba la shokapu, kikatoka kipande cha bomba la maji kilichokatwa kwa msumeno, kirefu kama kiganja, kimekandamizwa juu ya springi mpaka springi haikuwa na mahali pa kwenda. Upande wa pili kipande kilikuwa kirefu zaidi. Havikulingana hata urefu. Sili zilikuwa zimepasuka, na mtu alikuwa amezizungushia uzi wa gunia ili zisivuje.

Nilikishika kile kipande cha bomba. Mkono wangu ulinuka mpaka jioni, na chakula kilinishinda. Fundi wa njia panda nilimchukia, lakini yeye alikuwa amefanya kwa uvivu kile nilichomwagiza kwa maneno yangu. Sikuwa na mtu wa kwenda kumpigia kelele.

"Watu wanadhani shokapu kazi yake ni kubeba," yule fundi aliniambia huku akisafisha mabomba kwa dizeli. "Anayebeba ni springi. Kazi ya oili ni kuizuia springi isirudi kwa haraka. Ukiondoa vyote viwili unabaki na chuma. Sasa nenda Tunduma ukatafute shokapu mbili za nyuma. Usinunue kwa macho. Isimamishe chini, ikandamize kwa uzito wako wote, halafu iachie. Ikiruka kama chura, iache. Ikibaki chini, iache. Irudi taratibu, itulie, isidunde tena."

Nikaenda Tunduma. Wanaoujua mji ule wanajua ile foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na wanajua kilicho pembeni ya foleni: chupa za mkojo zilizotupwa na madereva, maganda, matapishi ya walevi, na vumbi linalochanganya vyote na kukuwekea mdomoni. Nilipita hapo kwa miguu nimeziba pua. Duka la kwanza muuzaji alikuwa anamhudumia mteja kutoka ng'ambo, anamwambia mukwai huku, mukwai kule, kwa heshima ya Kibemba ambayo hakuwa nayo kwangu. Alinitolea shokapu zinazong'aa.

"Mpya hizi, kaka."

Nilikwaruza kwa kucha. Rangi nyekundu ikatoka kama ganda la yai, chini yake kutu.

"Rangi tu imechubuka," akasema, wala hakuona aibu. Niliisimamisha chini nikaikandamiza. Ilitoa mlio wa majimaji, na matone ya oili yakanirukia kwenye kiatu.

"Hii imekufa."

"Wengine wanaichukua."

Hilo neno lilinikaa. Wengine wanaichukua, wanafunga, halafu wanapakia mama za watu. Nilizunguka maduka mengi. Katika matano nilikuta mchezo ule ule wa rangi, na katika moja muuzaji alikuwa na kopo la rangi lenyewe bado liko wazi miguuni. Mwishowe, nyuma ya soko, nilimpata mama mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki zilizopata ajali. Shokapu zake zilikuwa na tope na mikwaruzo, hakuna aliyezipamba. Jozi ya tatu niliyoikandamiza ilishuka, ikapanda taratibu, ikatulia. Niliikandamiza tena, labda mara kumi.

"Utaimaliza kabla hujanunua," yule mama akasema.

Kazi ya kufunga ilichukua siku mbili. Fundi alikata mabano ya ziada kwa grenda, akatupa zile shokapu za guta. Aliweka bushi mpya kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, akazipaka grisi. Mbele aliweka sili mpya na oili ya haidroliki, akaipima kwa bomba kubwa la sindano ya ng'ombe, kiasi kile kile kila upande, akarudia kupima. Halafu akaniambia nikae, na yeye akakaa nyuma, kijana wa duka la jirani akatupimia kwa futi ya fundi cherehani: chombo kikiwa kitupu, na chombo kikiwa na watu wawili.

"Lazima kishuke kidogo mkikaa," akasema. "Kama theluthi ya nafasi yote ambayo shokapu inaweza kushuka. Kisiposhuka, gurudumu likikuta shimo halina pa kufuata, linaruka. Kikishuka mno, kinagonga chini." Akazungusha ringi ya springi tundu moja, tukapima tena. Mwisho alipunguza upepo wa tairi kidogo.

Akaniweka tena nyuma, tukarudi kwenye mawe yale ya mashine za kahawa. Sitasema ilikuwa kama kukaa kwenye kochi. Mawe niliyasikia. Lakini yalifika yamechoka, na meno yangu hayakugongana. Tuliposhuka nilitaka kumwomba msamaha kwa habari za shule, nikaishia kushukuru kazi. Alitema mate pembeni.

"Usinirudishie ikiwa na nguruwe," akasema.

Mama alirudi nyumbani kwa gari mpaka kanisani, na kutoka pale kwa machela, watu wale wale sita. Safari hiyo sikubishana na mtu. Pikipiki aliipanda baada ya miezi, kidonda kimefunga kabisa, alipotakiwa kwenda hospitali kuangaliwa. Dada alikandamiza kiti kwa mkono kwanza, kama mtu anayeangalia mkate kama umeiva, akanitazama, akasogea pembeni. Tulipokaribia korongo mama aligusa mgongo wangu.

"Simama hapa."

Alishuka, akavuka mawe kwa miguu akiwa ameinua kitenge, na mimi nikavusha chombo kitupu. Upande wa pili akapanda.

"Huku kwingine ni afadhali," akasema, akaanza kuniuliza habari za mbolea ya kahawa.

Wenzangu wa nguruwe wananicheka. Wanasema chombo changu kimelegea, hakibebi kitu. Wiki iliyopita pale senta nilimwona mmoja wao ameondoa tenga, amekaa pembeni ya barabara na mwanamke mjamzito nyuma yake, shokapu nne, kiti hakishuki hata nukta. Nilimsogelea nikamwambia ampeleke huyo mama kwenye gari.

"Abiria kulalamika ni kawaida yao," akanijibu.

"Hajalalamika. Mimi ndiye ninayesema."

Aliwasha akaondoka. Nilimwona yule mwanamke akishika tumbo kwa mkono mmoja walipoingia kwenye shimo la kwanza. Nikawasha na mimi, nikawafuata, na mbele kidogo nikampita na kumziba njia. Tulibishana hapo mpaka mwanamke mwenyewe akashuka. Alikandamiza kiti cha pikipiki ya mwenzangu kwa kiganja, akakandamiza changu, kikashuka. Akapanda yangu.